Vitu vya nyumbani vilivyotoka kwenye utafiti wa anga za juu: vipi ni kweli, na vipi vinaonyesheka kwa vitendo?

mwl_sayansi_moro

Habari za leo wakuu. Kuna maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari, na mada tuliyopewa ni vitu vya kila siku vilivyozaliwa na utafiti wa anga za juu. Orodha zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zimebeba kila kitu: Tefloni, Velcro, juisi ya unga ya Tang, drili ya betri, maikrowevu, kalamu ya wanaanga, sola, kamera ya simu, godoro linalobonyea, blanketi la foili.

Naomba msaada kwa mawili. Kwanza, kipi cha kweli na kipi ni porojo, maana majaji watauliza. Pili, nipate vitatu ambavyo wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuvionyesha kwa vitendo mezani, umeme upo, vifaa ni vya maabara ya kawaida tu. Picha zilizobandikwa ukutani sizitaki.

kipimo_sahihi

Mwalimu, anza kwa kufuta nusu ya orodha hiyo.

Tefloni iligunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett wa DuPont, miaka 20 kabla NASA, shirika la anga za juu la Marekani, haijaundwa. Velcro ni ya Mswisi George de Mestral, aliyeiga matunda ya porini yanayong'ang'ania nguo. Tang ilitengenezwa na General Foods mwaka 1957, ikapata umaarufu baada ya mwanaanga John Glenn kwenda nayo angani mwaka 1962. Maikrowevu ni mtoto wa rada za vita, kwa Percy Spencer wa Raytheon. Hivi vyote anga za juu ilivitangaza tu.

Kalamu ina porojo yake peke yake: eti Wamarekani walitumia mamilioni ya serikali kutengeneza kalamu huku Warusi wakitumia penseli. Penseli walitumia wote. Kalamu ilitengenezwa na Paul Fisher kwa fedha zake mwenyewe, NASA ikaipima, ikanunua kama 400, na Apollo 7 ikaenda nazo mwaka 1968. Baadaye Warusi nao wakanunua.

Drili ya betri ya Black & Decker ilikuwa sokoni mwaka 1961. Ila hapa pana ukweli kidogo. Kampuni hiyo ilishiriki kutengeneza drili ya kuchimbia Mwezini, na programu ya kompyuta iliyotumika kupunguza matumizi ya umeme ya mota ile ilisaidia kuzaa kifagio cha umeme cha mkononi, Dustbuster, mwaka 1979. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa, aseme mota, asiseme drili.

Sola nayo ni nusu kwa nusu. Seli ya silikoni ilitoka maabara za Bell mwaka 1954. Setilaiti ya Vanguard 1, ya Machi 1958, ndiyo ya kwanza kutumia umeme wa sola, na kwa miaka mingi wanunuzi wa maana wa seli hizo walikuwa watu wa setilaiti, kwa sababu bei haikuwatisha.

Vinavyobaki vyenye hati safi: sponji linalobonyea (Charles Yost, kituo cha NASA cha Ames, 1966, kwa ajili ya viti vya ndege), kamera ya simu, kipimajoto cha sikioni cha Diatek cha mwaka 1991 kilichotumia utaalamu wa JPL, maabara ya NASA, wa kupima joto la nyota, na mfumo wa usalama wa chakula unaoitwa HACCP. Blanketi la foili lina ubishi kidogo kwa sababu plastiki yenyewe ilikuwepo tayari, ila kulifanya jembamba, jepesi na lenye kung'aa vile ni kazi ya setilaiti.

Sponji usiliweke kama banda. Ni rahisi mno: kata vipande viwili, kimoja kikae friji saa moja, kingine juani, halafu mtoto abonyeze kila kimoja kwa kidole. Cha baridi kigumu kama ubao, cha moto kinazama. Dakika mbili mada imekwisha. (Na ndiyo maana godoro la namna hiyo lililosifiwa Ulaya likifika Dar mwezi wa pili linakumeza.)

fundi_paa

Banda la kwanza liwe foili, na usilionyeshe kama blanketi la majeruhi. Lionyeshe kama dawa ya joto la bati. Kila mtoto hapo analala chini ya bati.

Asili yake kwa kifupi: mwaka 1960 Marekani ilirusha Echo 1, puto la kipenyo cha mita 30 lililotengenezwa kwa filamu ya polyesta yenye unene wa maikroni 12 hivi, ikiwa imepakwa mvuke wa alumini ndani ya ombwe. Kazi yake ilikuwa kuakisi mawimbi ya redio. Utaalamu huohuo ukatumika kufunika vyombo visiungue na jua. Kituo cha anga cha Skylab kiliporushwa Mei 1973 ngao yake iling'oka, joto la ndani likapita nyuzi 50, na wanaanga wakakinusuru kwa mwavuli wa kitambaa chenye filamu hiyo, mita 6.7 kwa 7.3. Blanketi la huduma ya kwanza ni filamu ileile: la mita 2.1 kwa 1.3 halifiki gramu 60, na unaweza kuwapigisha wanafunzi hesabu wapate gramu 46 kutokana na unene wa maikroni 12 na msongamano wa gramu 1.39 kwa sentimita ya ujazo.

Sasa fizikia. Joto lina njia tatu: mpitisho, myuko na mnururisho. Kutoka bati la moto kuja darini, myuko ni mdogo kwa sababu hewa ya moto hukaa juu, haitaki kushuka. Kinachokuchoma ni mnururisho. Bati lililopakwa rangi au lililoshika kutu hutoa asilimia 90 hivi ya mnururisho unaowezekana, alumini safi asilimia 5 tu. Chukua bati la nyuzi 65 na dari ya nyuzi 35:

Bila foili: takribani wati 188 kwa kila mita ya mraba.
Foili ikiwa imefungwa chini ya bati: takribani wati 11.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, hiyo ni tofauti ya zaidi ya wati 2,000, yaani kama kuzima pasi mbili zilizokuwa zimening'inizwa darini.

Mezani fanya hivi:

1. Kata vipande viwili vya bati vya sentimita 30 kwa 30, vipake rangi nyeusi isiyong'aa pande zote mbili.
2. Kimoja kibandike foili upande wa chini. Foili ya jikoni inatosha kabisa, gundi ya maji, lainisha mikunjo.
3. Kila bati likae juu ya matofali manne, sentimita 10 kutoka mezani. Chini yake weka kadi nyeusi na kipimajoto, balbu ya kipimajoto igusane na kadi kwa solotepu nyeusi.
4. Juu ya kila bati ning'iniza balbu ya wati 100, umbali wa sentimita 15, sawasawa kwa yote mawili.
5. Soma kila dakika 2 kwa dakika 20, chora grafu mbili kwenye mhimili mmoja.

Yanayoharibu jaribio: meza karibu na feni, matofali yaliyoziba pande zote (joto linaingia kwa mpitisho wa tofali), na foili iliyoanguka ikagusa kadi. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Foili isiyo na nafasi ya hewa mbele yake ni kipande cha chuma tu. Inapogusana na kitu inapitisha joto vizuri kuliko bati lenyewe. Ndiyo sababu pia blanketi la foili lililovaliwa juu ya nguo zilizolowa halimsaidii mtu sana.

Kwenye nyumba ya kweli: foili ifungwe chini ya papi au chini ya kenchi, upande unaong'aa uangalie chini, hewa iwepo angalau milimita 25. Wengi huitandika juu ya silingi bodi uso ukiangalia juu. Mwaka wa kwanza inafanya kazi, halafu vumbi linakaa, na vumbi halina habari na alumini iliyo chini yake. Acha upenyo kwenye kingo za paa na chini ya kofia ya bati ili unyevu utoke, hasa Njombe na Mafinga ambako bati hutoa jasho usiku. Na waya za umeme zikaguliwe kabla, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Australia walipofanya mpango wa taifa wa kuhami nyumba mwaka 2009 na 2010, wafungaji watatu walikufa kwa umeme, na miongoni mwa sababu ilikuwa pini za chuma zilizobana foili zikatoboa waya.

kipimo_sahihi

Nyongeza kwa fundi. Msije mkapima foili kwa kile kipimajoto cha bunduki kilichobaki tangu korona. Kimewekewa hesabu ya uso unaotoa asilimia 95. Ukikielekeza kwenye foili kinasoma joto la kitu kinachoakisiwa, yaani sura yako au ukuta, na mwanafunzi atatangaza kwamba foili ina nyuzi 31 wakati ina 60. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya foili, subiri dakika moja, elekeza kwenye tepu. Kwa kweli kosa hilo lenyewe ni onyesho zuri: pima foili, pima tepu, waulize watoto kwa nini vitu viwili vilivyogusana vinatofautiana nyuzi 30.

dada_ubora

Mwalimu, usiiache HACCP kwa sababu haina waya wala taa. Ndiyo iliyoingia jikoni kwa watu wengi kuliko hayo mengine yote, na haina kifaa.

Kuanzia mwaka 1959 kampuni ya Pillsbury ilipewa kazi ya kutengeneza chakula cha wanaanga. Makombo yalikuwa tatizo moja, yanaelea na kuingia kwenye mitambo. La pili ni kuhara. Mtu akiharisha ndani ya chombo kile hakuna pa kwenda. Howard Bauman na wenzake, pamoja na NASA na maabara ya jeshi ya Natick, wakaona kwamba kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa hakuwezi kuthibitisha usalama, maana pakiti ukiipima umeiharibu, na ili uwe na uhakika ungebidi uharibu sehemu kubwa ya ulichopika.

Hesabu hii waandikie ubaoni: ikiwa pakiti 1 kati ya 1,000 ina vimelea, na wewe ukapima pakiti 60, uwezekano wa kukuta hata moja mbovu ni asilimia 6 hivi. Mara 94 kati ya 100 utatia muhuri wa "salama" kwenye shehena mbovu. (1 kutoa 0.999 kwa kipeo cha 60, kikokotoo cha shule kinafanya.)

Wakageuza kazi: badala ya kusubiri mwisho wa mstari, tafuta ndani ya mchakato zile hatua ambazo zikikosewa hakuna hatua nyingine mbele ya kuokoa, weka kipimo cha lazima, kisimamie. Mfumo ulitangazwa hadharani mwaka 1971, na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wakaupitisha mwaka 1993. Umoja wa Ulaya ulipozuia sangara wa Ziwa Victoria mara kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya samaki vya Mwanza, Kisumu na Uganda vililazimika kuthibitisha kwamba vinaufuata ndipo soko likafunguka. Kwa hiyo ukiona bango la HACCP kwenye geti la kiwanda cha minofu, hilo ni deni la roketi.

Kwa banda tumieni maziwa. Sufuria, jiko, kipimajoto, saa na daftari.

Hatari: vimelea vya kifua kikuu na brusela, ambavyo moto unaviua, na mabaki ya dawa za ng'ombe, ambayo moto hauyaui. Hapo wanafunzi wagundue wenyewe kwamba kuna sehemu mbili za udhibiti, moja mlangoni (ng'ombe aliyechomwa dawa maziwa yake yasipokelewe mpaka siku za dawa ziishe) na moja jikoni. Kipimo cha jikoni: nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Kwa sufuria chagueni ya kwanza, sekunde 15 hamtaziweza. Koroga muda wote, kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria.

Kisha chezeni kosa. Dakika ya 20 mwanafunzi mmoja apunguze moto, joto lishuke hadi 60. Wanafanyaje? Wengi watasema "ongeza dakika chache". Jibu: pandisha hadi 63, anza dakika 30 upya kutoka sifuri, andika daftarini saa, joto na nani aliamua. Baada ya hapo poza haraka hadi nyuzi 4, sufuria ndani ya karai la barafu.

Kosa linalowapata hata wenye viwanda ni kipimajoto. Watu hukirekebisha kwa maji yanayochemka wakidhani ni nyuzi 100. Maji huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari, na hupungua nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300. Morogoro mjini ni 98 na kitu. Nairobi au Mbeya ni 94 hivi. Mtu wa Mbeya aliyekilazimisha kisome 100 amekiongezea nyuzi 6 za uongo, na maziwa yake yanaposoma 63 kumbe yana 57. Anza na barafu iliyopondwa kwenye maji safi, koroga, lazima isome 0. Hiyo haijali mlima.

Jambo moja naomba: wasije wakaandika "kunawa mikono" na "kufagia" kuwa sehemu za udhibiti. Hayo ni masharti ya msingi, yanatakiwa yawepo kabla. Mpango wenye sehemu 25 za udhibiti hakuna anayeusimamia hata moja.

pikseli_tz

La tatu, kamera. Simu wanazo majaji wenyewe.

Kamera za setilaiti zilitumia CCD, aina ya chipu ya kunasa picha. Ndani ya CCD chaji ya kila pikseli inapitishwa kwa jirani, jirani ampe jirani, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka kisimani, mpaka ifike kona ya kusomewa. Inakula umeme, inataka volti za aina kadhaa, na mionzi ya angani ikiharibu "mpokeaji" mmoja ndoo zote za nyuma yake zinamwagika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake wa JPL wakatengeneza kihisi cha CMOS, chipu ya picha ya aina nyingine, ambacho kila pikseli ina kikuza-ishara chake, kinachochongwa kwa mashine zilezile za chipu za kawaida. Mwaka 1995 wakaanzisha kampuni ya Photobit, na kuanzia hapo bei ikashuka mpaka kamera ikaingia kwenye simu. Ila semeni ukweli: diodi inayopokea mwanga ndani ya pikseli za leo ilitoka kwa Nobukazu Teranishi wa NEC, Japani, mwaka 1980. Anga za juu ilileta nusu moja ya ndoa.

Maonyesho matatu, hakuna cha kununua:

Feni. Kamera nyingi za simu husoma mstari kwa mstari, juu hadi chini. Feni ya mizunguko 300 kwa dakika huzunguka nyuzi 36 ndani ya milisekunde 20. Piga picha yenye kasi kubwa, mapanga yatatoka yamepinda kama ndizi. Waulize: panga limepinda, au muda ndio umepinda kwenye picha?

Taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za LED za bei nafuu huwakawaka mara 100 kwa sekunde. Ingia kwenye kamera ya mpangilio wa mkono, weka kasi ya sekunde 1/1000, utaona michirizi myeusi. Rudisha 1/100 au 1/50, michirizi inaondoka kwa sababu kila mstari sasa unakusanya idadi kamili ya mawako. Ukiiacha simu ijiamulie, inarekebisha yenyewe na onyesho linakufa.

Rimoti. Bonyeza rimoti ya TV mbele ya kamera. Silikoni inaona mwanga usioonekana kwa macho, utaona kitaa cha zambarau. Tumia kamera ya mbele, ya nyuma mara nyingi ina kichujio.

malindi_pwani

Mkiongelea anga za juu msitusahau huku. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, nje ya pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa Jamhuri Dei, ikaitwa Uhuru. Ilichora ramani ya vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Nobeli mwaka 2002. Kampuni yake ya wakati huo, AS&E ya Massachusetts, ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuuza mashine za eksirei za kukagulia mizigo. Haionyesheki mezani, lakini kwenye bango la mlangoni inafaa.

mwl_sayansi_moro

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Foili, maziwa, kamera, na Uhuru mlangoni. Swali dogo kwa fundi: balbu za wati 100 hazipatikani dukani hapa, zipo za LED tu. Nikiweka LED kubwa itafaa? Na foili ya jikoni ina upande mmoja wa kung'aa sana na mwingine uliofifia, nibandike upi nje?

fundi_paa

LED haitafaa, umeme mwingi unaishia kwenye mwanga na kwenye kitako chake, bati halitapata moto wa kutosha. Tafuta taa ya joto ya vifaranga, duka la pembejeo za mifugo lolote wanayo, nyekundu au nyeupe, wati 100 au 150. Ya wati 150 iwe sentimita 25 kutoka kwenye bati, na soketi iwe ya kauri, ya plastiki itayeyuka.

Upande wowote wa foili. Ule uliofifia umetokana na kiwandani kupitisha karatasi mbili pamoja kwenye rola ya mwisho. Kwa mnururisho wa joto tofauti yake haisomeki kwenye kipimajoto chako. Ukipata mjaji mbishi, andaa bati la tatu lenye upande uliofifia ukiangalia chini, asome mwenyewe.